Hati ya Mshahara na Orodha ya Mzee wa Mtaa: Uchambuzi wa Misaada ya Fedha Nairobi, 2020

Tarehe 25 Machi 2020, siku kumi na mbili baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini Kenya, Rais Uhuru Kenyatta alilihutubia taifa na kueleza hatua ambazo serikali ingezichukua ili kuwapunguzia wananchi makali ya janga hilo. Kodi ya mishahara ilishushwa, kodi ya kampuni ikatoka asilimia 30 hadi 25, kodi ya ongezeko la thamani ikatoka asilimia 16 hadi 14, kodi ya mauzo ya biashara ndogo ikatoka asilimia 3 hadi 1, na Sh bilioni 10 zikatengwa kwa ajili ya wazee, yatima na wengine wasiojiweza. Siku mbili baadaye kafyu ilianza saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na tarehe 6 Aprili ikapigwa marufuku kuingia au kutoka katika jiji la Nairobi na viunga vyake.

Hatua hizo ni nyingi na kila moja ina historia yake. Ninaloliangalia hapa ni jambo moja ndani yake, nalo ni namna msaada ulivyomfikia mkazi wa Nairobi mwenye mshahara unaopitia kwenye hesabu za mwajiri, na namna ulivyomfikia, au ulivyomkosa, jirani yake wa mtaa wa mabanda anayeishi kwa kibarua cha siku. Ukiwaweka wawili hao bega kwa bega unaona kwamba aliyepata alipata kwa sababu jina lake lilikuwa tayari kwenye daftari fulani la serikali kabla ya ugonjwa kuingia, na kwamba kiasi cha dhiki aliyokuwa nayo kilikuwa na uzito mdogo sana katika kuamua jambo hilo.

Mwenye hati ya mshahara

Sheria ya kurekebisha kodi ilitiwa saini tarehe 25 Aprili 2020, mwezi mmoja kamili baada ya hotuba. Hotuba ilikuwa imeahidi mambo mawili kwa waajiriwa: anayelipwa hadi Sh 24,000 kwa mwezi asikatwe kodi kabisa, na kiwango cha juu cha kodi ya mshahara kishuke kutoka asilimia 30 hadi 25. Sheria ilitimiza ahadi hizo kwa kupanga upya ngazi zote. Sh 24,000 za kwanza zilitozwa asilimia 10, Sh 16,667 zilizofuata asilimia 15, Sh 16,667 nyingine asilimia 20, na chochote kilichozidi hapo asilimia 25. Msamaha wa kila mwezi wa mlipa kodi, yaani kiasi anachopunguziwa kwenye kodi anayodaiwa, ulipandishwa kutoka Sh 1,408 hadi Sh 2,400, ambao ni sawasawa na ile asilimia 10 ya Sh 24,000. Ndiyo maana wa ngazi ya chini hakulipa kitu.

Inafaa kuzishika hesabu hizi mkononi, kwa maana hotuba zilizitaja asilimia tu na asilimia huficha mengi. Tukiacha kando makato mengine kama ya hifadhi ya jamii, mtu aliyekuwa akilipwa Sh 24,000 alikuwa akikatwa kodi ya karibu Sh 1,580 chini ya viwango vya zamani; sasa hakukatwa chochote, na hiyo Sh 1,580 ndiyo faida yake. Aliyelipwa Sh 100,000 alikuwa akikatwa kama Sh 22,650, na chini ya viwango vipya akakatwa Sh 16,500, hivyo akabaki na zaidi ya Sh 6,100 kila mwezi. Aliyelipwa Sh 300,000 alibakiwa na zaidi ya Sh 16,000. Kwa maneno mengine, kadiri mshahara ulivyokuwa mkubwa ndivyo msaada ulivyokuwa mkubwa, na hakuna hata mmoja wa watu hao aliyelazimika kuomba, kupanga foleni, kujieleza kwa mtu au kuonyesha kwamba janga limemgusa. Mhasibu wa kazini alibadilisha viwango kwenye programu ya mishahara, na fedha zikaonekana mwisho wa mwezi.

Kama mfumo wa kufikisha fedha, huo ni mfumo mzuri mno. Una haraka, hauna mianya ya rushwa, na anayenyimwa haki yake ana pa kulalamikia kwa sababu haki yenyewe imeandikwa kwenye sheria. Upungufu wake ni kwamba unamfuata mshahara, na mshahara ukikatika msaada nao unakatika. Mpishi wa hoteli aliyerudishwa nyumbani bila malipo mwezi wa Aprili hakupata lolote kutokana na punguzo hilo, kwa kuwa hapakuwa tena na kodi ya kupunguza. Na walio ndani ya uzio huo ni wachache tangu hapo. Takwimu rasmi za mwaka 2019 zilionyesha kwamba kati ya Wakenya milioni 18.1 waliokuwa na kazi nje ya kilimo kidogo, takriban milioni 15 walikuwa katika sekta ya jua kali na shughuli nyingine zisizo rasmi. Waajiriwa wa sekta rasmi hawakufika milioni 3.

Punguzo la kodi ya ongezeko la thamani lilitajwa mara nyingi kuwa ndilo la kila mtu, tajiri kwa maskini, kwa sababu kila mtu hununua vitu. Sikubaliani na maelezo hayo. Unga wa mahindi haukuwa ukitozwa kodi hiyo hata kabla ya korona, wala sukuma wiki na nyanya za mama mboga. Familia ambayo sehemu kubwa ya matumizi yake huishia kwenye unga, mboga, makaa na kodi ya chumba haikuwa na pa kuliona punguzo hilo la pointi mbili, na aliyelifaidi hasa ni mnunuzi wa bidhaa za dukani zenye bei kubwa, ikiwa muuzaji alishusha bei.

Asiye na hati

Kwa mkazi wa Mathare, Kibera au Mukuru, Aprili ya mwaka 2020 ilikuwa na sura nyingine. Wajenzi wa mjengo waliambiwa wasubiri. Mama fua waliokuwa wakienda kufua na kusafisha kwenye mitaa ya wenye nafasi walifungiwa milango, kwa kuwa waajiri wao waliogopa kuambukizwa. Wauza chakula cha jioni walipoteza saa zao bora za biashara kwa sababu ya kafyu. Ombi la kunawa mikono mara kwa mara lilitolewa kwa watu wanaonunua maji kwa mtungi wa lita 20.

Misaada ya mwanzo ilikuwa ya chakula na ilitoka kwa wahisani. Tarehe 10 Aprili ugawaji wa chakula katika ofisi ya serikali huko Kibera uligeuka msukumano. Watu walikanyagana, polisi wakarusha gesi ya kutoa machozi, wengi wakaumia. Baada ya hapo serikali ilikataza watu na mashirika kugawa chakula moja kwa moja mitaani na kutaka misaada ipitie kwenye utaratibu mmoja. Uamuzi huo ulieleweka, kwa maana mkusanyiko wa watu mia kadhaa wenye njaa ni hatari ya ugonjwa na ni hatari ya maisha. Lakini uliibebesha serikali wajibu wa kuwa na njia mbadala iliyo tayari, na njia hiyo ilikuwa ndiyo kwanza inaundwa.

Njia yenyewe ilikuwa ni Sh 1,000 kwa wiki kwa kila kaya iliyochaguliwa, zinazotumwa kwa simu. Kwa upande wa utumaji, Kenya ilikuwa na bahati ambayo nchi chache zilikuwa nayo: M-Pesa ilikuwa imeshazoeleka kwa zaidi ya miaka kumi, mawakala walikuwa kila kona, na tangu katikati ya Machi ada za kutuma kiasi kisichozidi Sh 1,000 zilikuwa zimeondolewa kwa makubaliano ya Benki Kuu na kampuni za simu. Ada ya kutoa pesa kwa wakala iliendelea kutozwa, jambo dogo kwa mwenye mshahara, lakini kwa anayepokea elfu moja ili anunue unga ni jambo linalohesabika. Elfu moja yenyewe haikuwa nyingi. Pakiti ya unga ya kilo 2 ikiuzwa kwa zaidi ya Sh 100, kaya ya watu watano inayomaliza pakiti moja kwa siku inakaribia kuimaliza fedha hiyo kabla haijagusa mafuta, makaa, maji wala kodi ya nyumba.

Tatizo lilikuwa kabla ya utumaji. Ili kutuma fedha lazima ujue unamtumia nani, na serikali haikuwa na daftari la watu waliopoteza kibarua. Daftari la maskini iliyokuwa nalo ni la mpango wa Inua Jamii, ambao huwalipa wazee wa miaka 70 na kuendelea, kaya zinazolea yatima na watu wenye ulemavu mkubwa Sh 2,000 kwa mwezi, na sehemu ya fedha zilizotangazwa Machi ilipita humo. Kijana wa miaka 28 mwenye watoto wawili aliyekuwa akibeba mizigo katika soko la Gikomba hakuwa mzee, hakuwa yatima, hakuwa na ulemavu. Kabla ya Machi serikali haikuwa na sababu ya kumjua.

Kazi ya kumtafuta ilikabidhiwa kwa machifu na manaibu wao, wazee wa mitaa, viongozi wa Nyumba Kumi na wahudumu wa afya wa kujitolea. Hao ndio wanaoijua mitaa, na hakuna afisa wa wizarani ambaye angeweza kuingia kwenye vichochoro vya Mathare na kujua ni mlango upi umelala na njaa. Walichukua majina, namba za vitambulisho na namba za simu, orodha zikapanda ngazi hadi juu. Hapo ndipo palipoanza mambo ambayo shirika la Human Rights Watch liliyaandika katika ripoti yake ya mwaka 2021 baada ya kuwahoji wakazi na maafisa: kwamba vigezo vya kuchagua havikutangazwa kwa uwazi, kwamba wakazi wengi hawakujua mpango upo, kwamba baadhi ya waandikishaji walitanguliza ndugu, marafiki na wafuasi wao, na kwamba wapo walioandikishwa wasipokee chochote, au wakapokea wiki chache kisha zikakoma bila maelezo. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, mpango ulioanza Aprili na kumalizika Novemba 2020 ulizifikia kaya takriban 29,000 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi iliyolengwa, mitaa yenye kaya zaidi ya 600,000. Hiyo haifiki asilimia 5.

Ni rahisi kumlaumu mzee wa mtaa, na baadhi yao walistahili lawama. Lakini hebu tuliangalie jambo lenyewe kama lilivyomfikia. Mtu huyu halipwi mshahara na serikali. Naye pia ni mkazi wa mtaa huohuo, na kibarua chake nacho huenda kimekatika. Anaambiwa alete majina machache kutoka eneo ambalo karibu kila mlango una shida, wala hapewi kipimo kinachotofautisha shida na shida. Katika hali hiyo hata mwaminifu atawaanza wale anaowafahamu, na wanaofahamika na mzee wa mtaa ni wakazi wa siku nyingi, wanaohudhuria baraza, wenye jamaa. Mpangaji aliyehamia mwezi uliopita, msichana anayeishi na wenzake wanne kwenye chumba kimoja, mgeni kutoka kaunti nyingine ambaye hana mwenyewe pale mtaani, hao hawakuwa na wa kuwataja. Kumpa mtu mmoja mamlaka ya kuchagua watu ishirini kati ya mia nne wenye njaa, bila kigezo na bila kumsimamia, ni kumtega.

Kulikuwa pia na kichujio cha kitambulisho, ambacho hakikuzungumziwa sana. Laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho, na asiye nacho hutumia laini ya mumewe, ya kaka yake au ya jirani. Kibera ina vijana wa jamii ya Wanubi ambao kwa miaka mingi wamelalamikia usaili wa ziada wanaofanyiwa wanapoomba vitambulisho. Mtu wa namna hiyo alihitaji kwanza kuonwa na mzee wa mtaa, kisha kuonwa na mfumo, na vikwazo vyote viwili vilikuwa vikubwa kuliko shida yake.

Zaidi ya hayo yote, aliyeachwa hakuwa na pa kwenda. Hapakuwa na sheria iliyosema nani anastahili, kwa hiyo hapakuwa na haki ya kudai. Palikuwa na orodha ambayo hakuonyeshwa. Orodha zingebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya chifu, wakazi wenyewe wangeweza kusema fulani ana duka na fulani amesahauliwa. Najua kuna hoja ya faragha, nayo ina uzito. Lakini utaratibu wa kusoma majina barazani na kuwauliza wakazi kama wanakubali umetumika kwenye mipango ya kusaidia kaya maskini katika nchi nyingi za Afrika, hata Tanzania kupitia mfuko wake wa maendeleo ya jamii, TASAF, na haukuhitaji teknolojia yoyote.

Kazi Mtaani, na wenye biashara

Mpango wa Kazi Mtaani, ulioanza mwishoni mwa Aprili, ulikwenda kwa mantiki tofauti kidogo. Vijana wa mitaa ya mabanda waliajiriwa kwa muda kufyeka, kuzibua mitaro, kusafisha vichochoro na kunyunyizia dawa. Awamu ya kwanza ilichukua vijana zaidi ya 30,000 kwa ujira wa Sh 653 kwa siku. Awamu ya pili, iliyoanza Julai, ilipanuliwa hadi zaidi ya 270,000 nchi nzima, na ujira ukashushwa hadi Sh 455. Malalamiko ya kucheleweshewa malipo yalikuwa mengi, na madai ya upendeleo hayakukosekana kwa kuwa machifu walikuwamo pia katika uandikishaji. Hata hivyo nauona ulikuwa bora kuliko fedha za wiki kwa sababu moja ya wazi: kazi ilionekana. Aliyeandikwa alionekana mtaroni na koleo, na jina hewa lilikuwa gumu kulificha. Isitoshe, mitaro ilizibuliwa. Ila kazi ya koleo haikumfaa mama mwenye mtoto mchanga wala mgonjwa, nao ndio waliokuwa wakizihitaji zaidi zile Sh 1,000.

Kwa wafanyabiashara sitakawia, kwa kuwa mgawanyiko ni uleule. Benki Kuu ilishusha riba yake ya msingi kutoka asilimia 8.25 hadi 7.25 mwezi wa Machi, kisha 7 mwezi wa Aprili, na ikaziruhusu benki kuongeza muda wa mikopo iliyokuwa ikilipwa vizuri kufikia tarehe 2 Machi 2020. Kufikia mwisho wa mwaka zaidi ya nusu ya thamani ya mikopo yote ya benki ilikuwa imepangwa upya. Hiyo ni nafuu kubwa mno, pengine kubwa kuliko zote, nayo ilimfikia mwenye mkopo wa benki. Muuza mitumba aliyekopa kwenye chama chake au kwa tajiri wa mtaani hakuwa na wa kumpangia upya. Alichopata ni kusitishwa kwa muda kuorodheshwa kwa wakopaji walioshindwa kulipa, na kuzuiwa kwa kampuni za mikopo ya simu zisizosimamiwa kupeleka majina kwenye ofisi za kumbukumbu za wakopaji. Mpango wa serikali wa kuwadhamini wafanyabiashara wadogo kwenye benki, uliotengewa Sh bilioni 3 katika kifurushi cha Sh bilioni 53.7 kilichotangazwa tarehe 23 Mei, ulianza kufanya kazi mwishoni mwa mwaka, wakati ambapo biashara nyingi zilizohitaji dhamana hiyo zilikuwa zimeshafunga.

Je, daftari lingeweza kupatikana?

Mtu anaweza kujibu kwamba hakuna serikali inayoweza kutengeneza daftari la vibarua kwa wiki mbili. Togo, nchi yenye uwezo mdogo kuliko Kenya, ilizindua mpango wa Novissi tarehe 8 Aprili 2020. Mkazi alipiga *855# kwenye simu yoyote, hata ya kitochi, akaingiza namba ya kadi yake ya mpiga kura, na kama kadi ilionyesha kwamba anaishi eneo lililofungwa na anafanya kazi isiyo rasmi, fedha ziliingia kwenye simu yake papo hapo: faranga 10,500 kwa mwezi kwa mwanamume na 12,250 kwa mwanamke. Iliwezekana kwa sababu daftari la wapiga kura lilikuwa limehuishwa kwa ajili ya uchaguzi wa Februari mwaka huohuo, na kadi ilikuwa na kazi ya mtu. Mpango ule nao ulikuwa na mapengo, maana asiye na kadi aliachwa, na anayejiita fundi kwenye kadi huenda alikuwa na shughuli nyingine. Tofauti iliyo muhimu kwangu ni kwamba Mtogo alijiandikisha mwenyewe. Hakusubiri mtu amwone.

Kenya ilikuwa imefanya zoezi kubwa kuliko hilo. Mwaka 2019 mamilioni ya watu walipanga foleni kujiandikisha kwa Huduma Namba, namba moja ya utambulisho ya kila mkazi, wakitoa taarifa zao na za familia zao, pamoja na shughuli zinazowapatia riziki. Tarehe 30 Januari 2020, Mahakama Kuu ilisema kwamba serikali haiwezi kuendelea na mfumo huo mpaka iweke utaratibu kamili wa kisheria wa kuusimamia, na kwa maoni yangu mahakama ilikuwa sahihi. Matokeo yake ni kwamba janga liliikuta nchi ikiwa na taarifa za watu wake kabatini na isiyo na ruhusa ya kuzitumia, kwa sababu fomu zilitangulia na sheria ya kuzilinda ikafuata nyuma. Lakini hata bila Huduma Namba, namba fupi ya simu ya kujiandikisha mwenyewe, pamoja na uhakiki wa barazani, ilikuwa ndani ya uwezo wa nchi iliyoizaa M-Pesa.

Tarehe 1 Januari 2021 viwango vya kodi vilirudishwa. Bunge lilipiga kura, sheria ikachapishwa, waajiriwa wakajua mapema ni mwezi gani makato yataongezeka. Kodi ya ongezeko la thamani ilirudi asilimia 16 na kiwango cha juu cha kodi ya mshahara kikarudi asilimia 30, kiasi kwamba mwenye Sh 100,000 alijikuta akikatwa karibu kama alivyokuwa akikatwa kabla ya janga. Fedha za wiki zilikoma Novemba, na waliokuwa wakizipokea walijua zimekoma kwa kusubiri ujumbe usiofika. Katika vifurushi vyote vya mwaka ule, miongoni mwa machache yaliyosalia kwenye vitabu ni ule msamaha wa Sh 2,400 kwa mwezi, ambao umeendelea kuhesabiwa kwenye kila hati ya mshahara nchini Kenya.